KIFUNIKO BILA SUFURIA: Jinsi ya Kupunguza Vitu Nyumbani Bila Kuumiza Mtu

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Wahenga walisema kuwa akiba haiozi. Walimu wetu wametufundisha methali hii tangu shule ya msingi, nasi tumeitia katika insha mara zisizohesabika. Lakini likizo iliyopita, katika stoo ya nyanya yangu kule Mukurwe-ini, niliiona akiba iliyooza. Niliishika kwa mikono yangu miwili, na ilikuwa ya shilingi 14,000.

Ndugu msomaji, nitakueleza habari ya pesa hizo baadaye. Kwanza niseme ninachokusudia. Katika nyumba nyingi za huku kwetu, kuanzia Othaya mpaka Karatina, Kerugoya na Nanyuki, kuna vitu vilivyowekwa miaka na mikaka bila kutumika. Siku moja nyumba hubomolewa, au mzee hufariki, au familia huhama, na vitu hivyo lazima viamuliwe. Nani aamue? Tuanzie wapi? Kipi kitupwe na kipi kibaki? Nimejifunza mambo haya kwa kukosea, na ni afadhali wewe ujifunze kwa kusoma.

NYUMBA ILIYOJAA HADI MLANGONI

Nyanya yangu, ambaye sisi wajukuu twamwita Shosho kama ilivyo desturi huku Nyeri, ana umri wa miaka 80 hivi. Nyumba yake ya mbao ilijengwa na marehemu Guka katika miaka ya sabini kwa pesa za kahawa. Sasa mbao za upande unaopigwa na mvua zimeoza, na wazee wetu wakakubaliana kumjengea nyumba ya mawe. Kabla ya fundi kuja, ilibidi ile ya zamani itolewe vitu vyote. Kazi hiyo tuliachiwa mimi na binamu zangu wawili kwa kuwa, kama alivyosema Baba Mdogo, "hawa hawana kazi ila kulala na simu."

Basi tukafungua stoo. Mwenzangu, si utani! Tulihesabu sufuria 11 zilizotoboka, chupa 6 za chai ambazo vioo vyake vya ndani vilivunjika zamani, mikebe 43 ya mafuta ya kupikia, karabai 2, pasi ya makaa isiyo na mpini, redio 3 zisizosema neno, na gunia la kahawa lililojaa magunia mengine. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, ile iliyopigwa marufuku nchini Kenya tarehe 28 Agosti 2017, ilikuwa imekunjwa vizuri pembetatu pembetatu, mamia kwa mamia.

Kwa vile tulikuwa na haraka, tulifanya lile ambalo vijana wengi wangefanya. Tulitafuta magunia makubwa tukaanza kurusha. Shosho alikuwa ameketi nje juani akichambua maharagwe. Kila tulipompita alinyoosha shingo.

"Hiyo inaenda wapi?"

"Ni mbovu, Shosho."

"Mbovu kwa nani?"

Hatukuwa na jibu, tukaendelea tu. Kisha nikapita na kifuniko cha sufuria. Kilikuwa kimebonyea upande mmoja, hakina kishikio, na hakikuwa na sufuria yake. Sasa kifuniko bila sufuria ni cha nini? Shosho akainuka. Huwa anainuka polepole kwa sababu ya magoti, lakini siku hiyo aliinuka kama msichana. Alikichukua mkononi mwangu bila kusema kitu, akaingia nacho jikoni, akafunga mlango. Kazi ya siku hiyo ikaishia hapo.

KWA NINI WAZEE HAWATUPI

Jioni Mama alifika, tukamsimulia tukidhani atacheka. Hakucheka. Alituambia twende tukaombe msamaha, na ni huko jikoni, moto ukiwaka, ambako Shosho alitueleza.

Wanafunzi wa Historia wanajua kwamba serikali ya kikoloni ilitangaza Hali ya Hatari tarehe 20 Oktoba 1952. Mnamo Juni 1954 iliamua kuwakusanya watu wa huku katika vijiji vya lazima ili kuwatenga na wapiganaji wa Mau Mau waliokuwa msituni. Kufikia mwisho wa 1955, watu zaidi ya milioni moja walikuwa wamehamishiwa katika vijiji zaidi ya 800, vingi vikiwa vimezungukwa na handaki na kulindwa na askari. Wengi walipewa muda mfupi tu wa kutoa vitu, kisha nyumba zao zikachomwa.

Shosho alikuwa na miaka 8. Mama yake alimbeba mtoto mchanga mgongoni, na kichwani akabeba sufuria iliyotiwa unga. Kifuniko akampa Shosho akamwambia, "Shika hiki, usiache." Unga uliisha wiki ile ile. Sufuria ilitoboka wakiwa bado katika kile kijiji, ambacho wazee mpaka leo hukiita gichagi. Mama yake alifariki mwaka wa 1971.

"Aliniambia nishike," Shosho alisema. "Hakuna siku aliyoniambia niache."

Tulinyamaza wote. Binamu yangu mkubwa, ambaye huwa na maneno mengi, alitoka nje akajifanya anaenda kufunga ng'ombe.

Tangu siku hiyo nimewauliza wazee wengine, na nimeona kwamba sababu zao za kuweka vitu ni kama tatu. Ya kwanza ni hofu ya kukosa. Mtu aliyeona vitu vyote vikiisha kwa asubuhi moja, au aliyekula mahindi ya njano ya msaada wakati wa ukame wa 1984, hawezi kuutazama mkebe mtupu akauona ni takataka. Ya pili ni kwamba zamani kila kitu kilikuwa na maisha ya pili. Mkebe uligeuka koroboi au gorogoro la kupimia mahindi, gurudumu la gari likawa viatu vya akala, na pipa likakatwa likawa jiko. Ya tatu ni kwamba kitu humshikilia mtu aliyekwenda. Koti la Guka bado lina umbo la mabega yake.

Tena tusiwacheke wazee. Fungua sanduku lako la bati kule bwenini utazame. Kuna kalamu ngapi zisizoandika? Kuna kufuli lisilo na ufunguo? Na nguo je? Kenya iliingiza tani 185,000 hivi za mitumba mwaka wa 2019. Maana yake ni kwamba watu wa Ulaya, Marekani, Kanada na Uchina hupunguza vitu katika kabati zao, navyo vinakuja kujaza zetu. Kipya kinyemi, hata kikiwa cha mitumba, nasi hununua kwa sababu ni rahisi. Sisi pia tunaweka, ila tofauti ni kwamba Shosho anajua sababu yake.

WALIOACHA KWA HIARI

Hata hivyo, kuachana na vitu si lazima kuwe msiba. Hapa mjini Nyeri tuna mfano ambao maskauti wote wanaufahamu. Mwaka wa 1938 Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, akiwa na miaka 81, alijengewa kijumba kidogo katika uwanja wa hoteli ya Outspan. Kule Uingereza yeye na mkewe walikuwa wameishi tangu 1919 katika nyumba kubwa iitwayo Pax Hill. Kijumba cha Nyeri wakakiita Paxtu. Aliishi humo mpaka alipofariki tarehe 8 Januari 1941, na kaburi lake liko papa hapa Nyeri, likitazama Mlima Kenya. Baadaye kijumba hicho kikapata wakaaji wengine, Jim Corbett, aliyeandika vitabu kuhusu chui na simba-milia wala watu, pamoja na dadaye Maggie. Hao waliuza nyumba yao kule Nainital, India, wakaja. Corbett alifariki 1955, naye akazikwa Nyeri.

Wazee hawa waliacha nyumba nzima nzima wakaishi katika vyumba vichache, na hatusikii kwamba walivunjika moyo. Walichagua wenyewe kipi kije na kipi kibaki. Mama yake Shosho, ambaye hakuwa na hata robo ya mali yao, hakupewa nafasi ya kuchagua. Nadhani jambo zima liko hapo. Kinachoumiza si kupoteza kitu, ni mtu mwingine kukuamulia. Na sisi wajukuu, kwa magunia yetu na haraka yetu, tulikuwa tumekuja kumwamulia mara ya pili.

ONYO KUHUSU KARATASI

Hata serikali hufagia nyumba zao, na hufagia wanavyotaka. Wakoloni walipokaribia kuondoka Kenya, maofisa wao walichambua mafaili. Mengine yalichomwa, mengine yakasafirishwa kwa siri hadi Uingereza. Mwaka wa 2009 wazee watano wa Kenya walifungua kesi London kwa mateso waliyopata wakati wa Hali ya Hatari. Mwaka wa 2011 serikali ya Uingereza ikakiri kwamba maelfu ya mafaili ya makoloni yake ya zamani, pamoja na ya Kenya, yalikuwa yamefichwa mahali paitwapo Hanslope Park. Tarehe 6 Juni 2013 ilitangaza kuwalipa wazee 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9, ikiwemo gharama za kesi. Karatasi za kale zilisaidia kuonyesha ukweli miaka zaidi ya 50 baadaye. Zilizochomwa hazitasema neno kamwe.

Kwetu pia kulikuwa na moto, ingawa mdogo. Guka alipofariki, Baba Mdogo alisafisha chumba chake kwa siku moja. Nia yake ilikuwa njema. Alikusanya "makaratasi ya zamani" akayachoma nyuma ya zizi. Miezi michache baadaye familia ilipotaka kushughulikia urithi, hati ya shamba haikuonekana. Ndipo mlolongo ulipoanza: kuripoti polisi, kula kiapo mbele ya wakili, kulipia tangazo katika Gazeti Rasmi la Serikali na kungojea siku 60 kabla ya kupewa hati nyingine. Baba Mdogo hapendi hadithi hii isimuliwe, lakini amenipa ruhusa niiandike ili wenzangu wasirudie kosa lake.

AKIBA ILIYOOZA

Siku ya pili tulibadilisha mtindo. Tulimwekea Shosho kiti katikati ya stoo na kila kitu kikapita mbele yake. Katika mkebe mmoja, chini ya mbegu za malenge, tulipata kitambaa kilichofungwa fundo. Ndani mlikuwa na noti 14 za shilingi elfu moja, zile za zamani. Guka ndiye aliyezificha, naye hakumwambia mtu.

Wengi wenu mlikuwa wadogo, kwa hivyo nieleze. Tarehe 1 Juni 2019, siku ya Madaraka, Gavana wa Benki Kuu alitangaza noti mpya zisizo na picha ya mtu, kama inavyotaka Katiba ya 2010. Noti za zamani za elfu moja zilipewa mwisho wa tarehe 30 Septemba 2019. Baada ya siku hiyo zikawa karatasi tu. Benki Kuu ilisema kwamba noti milioni 7.4 hivi hazikurudi, yaani shilingi bilioni 7.4. Kumi na nne kati ya hizo zilikuwa Mukurwe-ini ndani ya mbegu za malenge.

Shosho alizigeuzageuza, kisha akasema, "Kumbe hata pesa hufa." Akatupa moja kila mjukuu, iwe kumbukumbu ya Guka. Yangu iko ndani ya kamusi yangu.

Kumbuka kwamba noti za zamani za 50, 100, 200 na 500 bado ni halali, kwa hivyo usizitupe. Tena, ukipata kitabu cha benki cha zamani au cheti cha hisa, usikidharau. Sheria ya mwaka wa 2011 iliunda mamlaka iitwayo UFAA, ambayo hutunza pesa zilizosahaulika katika benki na makampuni mpaka mwenyewe au warithi wake wazidai.

NJIA TULIYOIFUATA

Baada ya makosa yote hayo, hii ndiyo njia tuliyoifuata mpaka kazi ikaisha.

1. Mwenyewe awepo. Kama yu hai na ana akili timamu, hakuna kitu kinachotoka bila yeye kukiona. Muulize "hiki kilitoka wapi?" kabla ya kumwuliza "tutupe?" Shosho alipomaliza kusimulia kitu, mara nyingi alisema mwenyewe, "Haya, hicho peleka."

2. Karatasi kwanza. Tulitenga sanduku moja la bati kwa karatasi zote: hati za shamba, vyeti vya kuzaliwa, vya ndoa na vya vifo, kadi na risiti za chama cha ushirika cha kahawa, vitabu vya benki, barua, na picha. Kila karatasi ilisomwa na mtu mzima kabla ya kuamuliwa. Vitabu na magazeti yatikiswe pia, maana wazee huficha vitu katikati ya kurasa.

3. Mafungu manne. Tuligawa vitu vilivyobaki kuwa vya kubaki, vya kupeana, vya kuuza au kupelekea fundi, na vya kutupa. Nguo nzuri zilienda kanisani na kwa majirani. Mikebe iliyo mizima na karabai zilichukuliwa na fundi wa jua kali. Sufuria zilizotoboka ziliuzwa kwa kilo. Lakini jihadhari, biashara ya vyuma kuukuu inahitaji leseni kwa sheria ya mwaka wa 2015, kwa hivyo muuzie mtu anayejulikana, si yule anayepita usiku na mkokoteni.

4. Vitu vya hatari visichezewe. Katika mashamba ya kahawa hamkosi chupa na mitungi ya dawa za kunyunyizia. Usitie humo maji wala maziwa hata ukiiosha mara mia, na usiichome, maana moshi wake ni sumu. Mwulize afisa wa kilimo. Dawa za hospitali zilizopita muda zirudishwe kwa mwenye duka la dawa, na betri zilizovuja zisitupwe shambani.

5. Hadithi ziandikwe. Nilichukua daftari la kurasa 96 nikaandika jina la kila kitu cha maana na maneno ya Shosho kukihusu. Pasi ya makaa ilinunuliwa kwa mavuno ya kwanza ya kahawa. Redio moja ndiyo iliyomletea habari ya kifo cha Mzee Jomo Kenyatta mwaka wa 1978. Baada ya hadithi kuandikwa, ilikuwa rahisi zaidi kwake kuachana na kitu chenyewe. Na mkipata vitu vya kale kweli, kama vile kipande cha mkoloni au vibuyu vya zamani, ulizeni kwanza katika Makumbusho ya Nyeri kule Ruring'u, ndani ya jengo lililokuwa mahakama wakati wa ukoloni.

6. Msifanye haraka. Sisi tulichukua siku tano badala ya moja. Saa tatu kwa siku zinatosha, kwa sababu mzee huchoka kukumbuka kabla ya kijana kuchoka kubeba.

Huko ng'ambo kumetokea walimu wa kazi hii. Anayejulikana zaidi ni Mjapani Marie Kondo, ambaye kitabu chake kilisomwa dunia nzima. Yeye hufundisha kwamba ukishike kila kitu mkononi, na kama hakikuletei furaha, ukishukuru na kukiacha. Ni fundisho zuri, hasa hapo pa kushukuru. Lakini hati ya shamba haimletei mtu furaha ya aina hiyo, na kile kifuniko hakikumfurahisha Shosho alipokishika. Kwa hivyo mimi naongeza swali lingine: nani alikupa, na alikwambia nini?

MWISHO

Kati ya mikebe 43 Shosho alibakisha 5. Kati ya redio 3 alibakisha ile moja. Mifuko yote ya plastiki ilienda, sufuria zote mbovu zikaenda, na siku ya tano alituambia, bila kuulizwa, tulichukue koti la Guka tumpe mzee jirani ambaye hana la kujikinga baridi ya Julai. Alilifunga vifungo mwenyewe kabla ya kulitoa.

Basi mwana-Kiswahili mwenzangu, ukifunga shule ukakuta nyumba imejaa, usikimbilie gunia. Vuta kigoda, keti karibu na mwenye vitu, uulize. Utashangaa jinsi vitu vinavyopungua vyenyewe mtu akishasikilizwa.

Nyumba ya mawe sasa imefika kwenye linta. Na kile kifuniko? Kiko jikoni kwa Shosho, kimefunika sufuria ya maziwa. Hakitoshi vizuri, na mvuke hutokea upande ule uliobonyea. Hakuna anayesema neno.